Dereva Atalala Wapi?

Simu ya kukodi gari huku Zagayu huwa fupi. Katibu wa kwaya, au kijana aliyekabidhiwa daftari la michango ya msiba, anampigia mwenye Coaster aliyeko Bariadi mjini. "Shikamoo, mzee. Gari ipo Jumamosi?" "Marahaba. Ipo. Mnakwenda wapi?" "Mwanza, tunarudi siku hiyo hiyo." Bei inatajwa, inaombewa punguzo, kianzio kinatumwa kwa simu, mambo yamekwisha. Hazifiki dakika tano, na watu arobaini wameshakabidhiwa kwa mtu ambaye hata jina lake halikutajwa. Nimezisikia simu za namna hii mara nyingi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza dereva ni nani, jana alikuwa wapi, na usiku wa kuamkia safari atalala wapi.

Uchambuzi huu unatoka kwenye maswali hayo matatu. Mambo mengine ya kukodi gari, kuanzia bei, bima, leseni na barabara hadi idadi ya viti, nitayagusa, lakini nimekuja kuamini kwamba karibu yote yanamrudia yule mtu anayeshika usukani na saa alizolala.

Zagayu ni kata ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyotokana na Bariadi wakati mkoa wa Simiyu unamegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na kalenda ya safari inafuata pamba. Msimu wa kuuza unafunguliwa karibu na mwezi Mei, fedha zinaanza kuonekana mikononi, na kuanzia Juni hadi Septemba kila mtu ana pa kwenda: harusi na sendofu, mikutano ya injili, makambi ya Wasabato, mashindano ya ngoma ya Bulabo kule Bujora ambako makundi ya Wagika na Wagalu hupimana ubavu, mechi kubwa uwanja wa CCM Kirumba. Miaka ya 2018, 2019 na 2020 Nane Nane ya kitaifa ilifanyika Nyakabindi, hapo hapo Bariadi, na vikundi vya wakulima vikaona kwamba ziara ya mafunzo si lazima iwe ya mbali. Shule nazo zina ziara zao, hasa Serengeti, kwa kuwa geti la Ndabaka liko karibu na Lamadi na halihitaji kuzunguka Arusha. Msiba peke yake ndio hauna msimu. Simu inalia usiku, asubuhi gari linatakiwa.

Kwa hiyo magari yanagombewa wiki zile zile, na anayegombea gari hachagui dereva. Hili ndilo jambo la kwanza linalomfanya dereva asahaulike.

Magari yenyewe si ya aina nyingi. Yapo malori, Fuso za mnadani, ambazo zimebeba watu wa vijiji hivi miaka mingi juu ya magunia na kando ya mbuzi. Sheria hairuhusu, na kila mtu anajua, lakini lori linaingia mahali ambapo gari jingine haliingii, na halina hesabu ya viti. Ipo michomoko, zile gari ndogo zinazopakia kupita kiasi kati ya Bariadi na vijiji. Ipo Hiace ya watu kumi na wanne hivi. Mabasi makubwa ya viti hamsini na zaidi yapo kwenye njia zake za kila siku, na tajiri mwenye basi la aina hiyo haoni sababu ya kuliingiza kwenye tope la Itilima. Inabaki Coaster, na ndiyo maana kukodi gari la kundi huku maana yake ni kukodi Coaster.

Coaster ya kawaida ina viti 29, kimoja cha dereva. Wanaobaki ni abiria 28, na hao 28 ni pamoja na wale wanaokaa kwenye viti vya kukunja vya katikati. Viti hivyo vikifunguliwa vyote, njia ya kutokea haipo tena. Mtu wa nyuma hawezi kufika mlangoni mpaka wa mbele yake wanyanyuke mmoja mmoja. Ukiongeza ndoo zilizogeuzwa kuwa viti, spika za kwaya na sufuria za wapishi, umewafungia watu ndani.

Basi tuseme kwaya ina watu 42. Kamati imeshaelewana bei na mwenye gari, na bei hiyo ni ya gari zima. Ikigawanywa kwa watu 28, mchango ni mkubwa na wajane wawili na wanafunzi watashindwa. Ikigawanywa kwa watu 42, mchango wa kila mmoja unashuka kwa theluthi moja. Hakuna mkutano wa kamati utakaoikataa theluthi hiyo kwa urahisi. Na wanaoitetea wana hoja ya huruma kabisa: tumwache nani? Mama aliyeimba miaka ishirini? Ndivyo gari linavyojazwa, kwa upendo, na watu wanaojuana. Mwenye gari hakulazimisha. Dereva naye akifika alfajiri na kukuta watu 42 wamevaa sare wanaimba, atasema nini? Amekuja peke yake, wao ni kundi, na kianzio kimeshaliwa.

Ndiyo maana nasema idadi ya watu iamuliwe kabla ya bei, na gari la pili, Hiace ya watu 14, liingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Ishirini na nane na kumi na wanne ni arobaini na wawili kamili. Mchango utapanda, na wasioweza watachangiwa na wanaoweza, kama wanavyochangiwa kwenye mambo mengine yote ya kijiji. Watu wanaochangia jeneza la jirani wanashindwaje kumchangia kiti?

Kazi hii ya katibu ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza Thomas Cook, mpiga vita ulevi, alikodi treni kupeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa wenzao wasiokunywa pombe, kila mmoja kwa shilingi moja. Hakuwa na treni. Alichofanya ni kusimama kati ya kundi na kampuni ya reli, akaongea kwa niaba ya watu ambao wenyewe wasingesikilizwa. Katibu wa Zagayu yuko hapo hapo aliposimama Cook, na uwezo wake ni mkubwa kuliko anavyoutumia: ana watu, ana fedha ya pamoja, na anaweza kusema hapana kabla kianzio hakijatumwa.

Sasa tumfikie dereva.

Tuifuate siku yake katika safari ile ya Mwanza. Gari liko Bariadi, abiria wako Zagayu na wanataka kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Dereva anaamka saa tisa usiku, anakagua maji na oili, anakuja mtupu kwenye barabara ya vumbi gizani. Wanapakia. Wanashika lami, Bariadi hadi Lamadi kilomita zipatazo 72, kisha wanaingia barabara kuu ya Musoma na Mwanza, wanasimama mara moja watu wachimbe dawa, saa nne wako mjini. Kwaya inaimba. Dereva anabaki na gari juani, kwa sababu vyombo vimo ndani na hakuna aliyepangiwa kumpokea ulinzi. Saa kumi na moja jioni ratiba inasema kuondoka, lakini ratiba za ibada na harusi tunazijua. Wanaondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa nne usiku wanafika Zagayu, anashusha mlango kwa mlango, na saa tano au sita anafika kwake. Amekaa macho saa 20 au zaidi, na sehemu ngumu kuliko zote ameiendesha mwishoni, gizani, huku nyuma yake abiria wote wamelala.

Kanuni zetu zinataka dereva wa abiria asizidishe saa nane za kuendesha, na safari inayozidi hapo iwe na madereva wawili. Kamati ikiuliza, itaambiwa Mwanza ni karibu, hazifiki saa nane. Ni kweli kama unahesabu lami ya kwenda na kurudi. Hesabu inabadilika ukiongeza kuja mtupu, kurudi mtupu, na zile saa za juani ambazo si kazi wala si usingizi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimika kuhesabu vyote viwili: dereva wa basi hupumzika dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani, na ndani ya siku kwa kawaida anatakiwa apate mapumziko ya mfululizo ya saa 11, na kifaa ndani ya gari kinaandika kila kitu. Huku kwetu LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, inafuatilia mwendo wa mabasi ya njia ndefu kwa mitambo. Coaster ya msiba inayotoka kijijini usiku inafuatiliwa na waliomo ndani tu.

Kuna mambo mawili yanayomhusu dereva ambayo watu wa safari hawapendi kuyasema. La kwanza ni deiwaka. Mwenye gari anakuahidi dereva wake mzoefu, asubuhi anashuka kijana usiyemjua, kwa kuwa yule mzoefu amepata safari ya siku tatu. Kijana huyo anaweza kuwa hodari, lakini leseni yake ina madaraja: gari la abiria 15 hadi 30 linataka daraja C1, linalozidi 30 linataka C, na daraja linaandikwa kwenye kadi. Kuomba kuiona si dharau. La pili ni ukarimu wetu. Kwenye harusi dereva ni mgeni, na mgeni anapewa bia. Wenyeji wanafanya hivyo kwa heshima, wakiona aibu mtu akae tu garini na chupa ya maji. Katibu inabidi awaambie wenyeji mapema, kwa adabu, kwamba dereva wetu anahitaji chakula cha moto, kivuli na mkeka wa kujinyoosha, na mtu wa kukaa na gari wakati amelala.

Nitaje ajali, ingawa inauma, kwa sababu zinasaidia kuona mambo yalivyo. Tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha walikuwa wakienda Karatu kwenye mtihani wa ujirani mwema, safari ya siku moja tu. Basi lao liliporomoka korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mashtaka yaliyofunguliwa baadaye yaligusa leseni ya usafirishaji, bima na idadi ya abiria, yaani mambo ambayo yangeweza kukaguliwa kabla gari halijawashwa. Januari 11, 2022, hapa hapa Simiyu, kijiji cha Nyamikoma wilayani Busega, Hiace iliyobeba waandishi wa habari katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza iligongana na Hiace ya abiria. Wakafariki watu wasiopungua 14. Ni barabara ile ile ambayo kwaya ya Zagayu huipita ikienda Mwanza. Februari 2023, Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso eneo la Magila Gereza, Korogwe, usiku. 17 walikufa papo hapo, wengi wao wa ukoo mmoja. Na Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba watu wa harusi, vikatokea vifo visivyopungua 38.

Sitasema ajali hizi zote zilisababishwa na dereva wa kukodi kusinzia. Si kweli, na ni kuwakosea marehemu. Korogwe na Same, taarifa zilizotolewa zilielekeza kwenye gari lililotoka upande wa pili. Ninachokiona ni kitu kingine. Safari ya kundi inaweka ukoo mzima, kwaya nzima, darasa zima ndani ya chombo kimoja, na ratiba ya shughuli ndiyo inayochagua saa. Msafara wa Korogwe ulikuwa barabarani karibu na saa tano usiku. Desturi yetu ya kusindikiza maiti inataka kufika alfajiri ili mazishi yawe mchana, na desturi ya harusi inataka kuondoka baada ya keki. Serikali ilifungua tena safari za mabasi za usiku mwaka 2023, baada ya zuio la miaka mingi, kwa mabasi yenye ufuatiliaji na madereva waliothibitishwa. Coaster ya kukodi haikuwahi kuwa sehemu ya hesabu hiyo. Dereva aliyeamka saa tisa usiku anaweza kuwa hajakosea chochote, lakini lori likimjia upande wake saa nne usiku atakuwa na nusu ya wepesi aliokuwa nao asubuhi. Huo wepesi ndio tunaoulipia.

Karatasi nazipitia haraka, kwa kuwa hapa hakuna la kujadili. Namba ya gari iwe nyeupe. Namba ya njano ni gari binafsi, hata kama ni basi la shule au la kanisa linalokodishwa mwishoni mwa wiki kwa nia njema ya kupata fedha ya mafuta. Abiria wanaolipa ndani ya gari la njano wanaweza kujikuta hawana bima siku wanapoihitaji. Bima inahakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwenye simu, na faini zinazodaiwa zinaonekana kwenye mfumo wa polisi vivyo hivyo. Gari lenye madeni mengi ya mwendo limeshakueleza tabia ya anayeliendesha. Gari lenye leseni ya njia fulani linahitaji kibali kwenda nje ya njia hiyo, na mwenye gari ndiye wa kukitafuta, si abiria wa kukitolea maelezo mbele ya trafiki pale Lamadi.

Kisha kuwe na maandishi, ukurasa mmoja wa daftari unatosha: jina la dereva na daraja la leseni, idadi ya viti, saa ya kuondoka na saa ya mwisho ya kuondoka kurudi, nani analipia mafuta, gari likiharibika nani analeta jingine, na dereva atalala wapi. Hilo la mwisho liandikwe hata kwa safari ya siku moja. Likiandikwa, kamati italazimika kulilipia, na hapo chumba cha gesti Mwanza kwa dereva mmoja kinaanza kuonekana bei ndogo ukikilinganisha na kitu chochote kile.

Kuna gharama moja ambayo vikundi vya vijijini hulipa bila kuijua, nayo inatuleta kwenye tope. Kwa safari ya karibu kilomita 400 za kwenda na kurudi, Coaster inayotembea kilomita saba kwa lita inakula lita 57 hivi. Lakini kundi la Zagayu halilipii miguu miwili, linalipia minne: gari kuja tupu, kwenda, kurudi, na kurudi tupu Bariadi. Miguu miwili ya tupu iko kwenye vumbi, ambako mafuta yanaliwa zaidi na tairi na springi zinaumia. Ndiyo maana mwenye gari anataja bei inayowashangaza watu, wakidhani wanaonewa kwa kuwa ni wa shamba.

Masika, shida inakuwa nyingine. Udongo wetu wa mbuga, mweusi, wenye kupasuka kiangazi, ukinywa maji unakuwa kama sabuni, na Coaster haina uwezo nao. Gari linaweza kuingia asubuhi kavu na kushindwa kuingia usiku baada ya mvua moja. Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Dereva anasimama ukingoni mwa lami, anasema mwisho hapa. Abiria wana watoto na wazee, ni usiku, na wanasema tumekulipa mpaka nyumbani. Wote wana haki, kwa kuwa hakuna aliyeuliza mapema safari inaishia wapi mvua ikinyesha. Dereva akikubali shinikizo, wanalala ndani ya gari lililozama.

Kuna kikundi cha akina mama kilichonifundisha namna nyingine bila kukusudia. Safari yao iliangukia katikati ya mvua za Machi, mwenye gari akakataa kabisa kuingia Itilima. Badala ya kuahirisha, wakatoka kijijini mchana wa siku iliyotangulia, wazee kwa gari la mtu wa kijijini, wengine kwa bodaboda kukiwa bado kweupe, wakalala Bariadi kwa ndugu na kwenye ukumbi wa kanisa. Usumbufu ulikuwepo. Mbu walikuwa wengi, na mama mmoja mwenye miguu mibovu alilalamika mpaka asubuhi. Lakini bei ilishuka, kwa sababu ile miguu mitupu haikuwepo, na waliporudi usiku hawakulazimika kugombana na tope, walilala tena mjini na kuondoka kulipokucha. Dereva wao alikuwa amelala kwake, kitandani kwake, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Alikuja ameoga, amekunywa chai, akawahesabu mlangoni mmoja mmoja, na walipofika 28 akasimamisha hesabu na kuuliza gari la pili liko wapi.